Maksai Wawili na Miaka Mitatu

Bweni la Wasichana,
Ifakara.
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa Bibi yangu Rosemery,

Shikamoo Bibi. Mimi sijambo, nakula, nalala, na yale mafuta ya nazi uliyonipa yamekwisha kwa sababu bweni zima liligundua chupa ilipo. Natumaini mgongo umepunguza kuuma na yule jogoo mkorofi hajaingia chunguni bado, maana nimemwahidi Sada, rafiki yangu wa kitanda cha chini, kwamba atakuja kumla likizo.

Masomo yanaendelea. Hesabu nimepata sitini na moja. Fizikia usiulize.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Bwenini simu ni marufuku, hilo unalijua. La pili, kukupigia wewe ni kukipigia kijiji kizima. Mtandao huko Masagati unapatikana pale juu kwenye kilima cha shule tu, na ukisimama pale watu kumi wako nyuma yako wanangoja zamu, na wote wana masikio. Barua hii analeta Yoramu wa lori, ambaye mwandiko wangu umemshinda tangu zamani.

Habari za huku: mwisho wa mwezi wa nne tulitakiwa kubeba kichwani mpunga wa shule uliovunwa upande wa juu, kutoka shambani hadi uwanja wa kupigia. Tulipoamka Jumapili tukakuta umeshafika uwanjani wote. Hakuna ajuaye ulifikaje. Wasichana wanasema ni malaika.

Nina ombi dogo. Wanataka tarehe yangu ya kuzaliwa na ile kadi ya kliniki niliyokuwa nikipimiwa uzito utotoni. Mambo ya kawaida tu ya kujaza fomu. Mpe Yoramu akirudi huku, ila iwe kabla ya tarehe kumi na mbili mwezi wa sita.

Mjukuu wako,
Eliza

Kipande hiki ni cha Dada Omega peke yake.

Dada Omega, najua ni wewe unayemsomea Bibi barua pale kwenye cherehani yako, kwa kuwa macho yake hayashiki herufi tena. Hiki usimsomee. Fomu ninayosema ni ya mahakama.

Siku ya Muungano walimu na wanafunzi walikwenda kwenye sherehe, mimi nikabaki na zamu ya kuamia, kufukuza ndege kwenye shamba la shule. Wakaja maksai wawili, wanene, hawana mchungaji, wakaingia kwenye mpunga wa upande wa chini ambao haujavunwa na kula kama waliokaribishwa. Nikawaswaga nikawafungia kwenye maabara yetu, ile iliyojengwa ukuta na mlango ikaishia hapo. Nilifanya kama tunavyofanya nyumbani: ng'ombe akila mpunga wako unamshika mpaka mwenyewe aje. Mwenyewe ni Mzee Mashimba, Msukuma anayekaa ng'ambo ya reli. Alitafuta siku mbili, ya tatu akaenda polisi. Jumatatu mwalimu wa Fizikia, ambaye kila siku analalamika kwamba maabara haina kitu, alifungua mlango akakuta ina kitu.

Sasa nashtakiwa kwa wizi wa mifugo.

Usishtuke. Polisi hawakuniweka ndani. Walimwita matroni na afisa ustawi wa jamii, anaitwa Mama Febronia, na usiku ule nililala kitandani kwangu. Mama Febronia anasema mtu wa miaka kumi na sita shauri lake linakwenda Mahakama ya Watoto, na mtoto hafungwi jela. Tatizo ni moja. Cheti cha kuzaliwa sina, kwa hiyo wakampigia mtendaji wetu wa kijiji, naye akafungua daftari akasoma: Eliza Kelestini, kuzaliwa 2006. Yaani nina miaka kumi na tisa. Shule imeandika 2009. Hakimu ametaka ushahidi wa umri ufike tarehe 12 Juni, na mlezi wangu awepo.

Mtendaji nadhani aliruka mstari. Nitafutie ile kadi, Dada. Bibi akijua atakosa usingizi.

E.


Masagati,
Jumamosi, 17 Mei 2025

Mke mwenzangu Eliza,

Marahaba. Usiniletee tena barua iliyobeba mimba. Omega alikuwa ananisomea vizuri, mara midomo ikasimama na macho yakaendelea. Nikamuuliza, hayo macho yanasoma nini? (Nilijaribu, Eliza. Nikasema ni anwani ya posta. Akaniuliza Yoramu amekuwa posta tangu lini.) Amenisomea kipande chote, mara mbili.

Kwanza nakugombeza. Ni kweli huku kwetu ng'ombe wa mtu akila mpunga wako unamshika. Lakini unamshika na kukigonga kile chuma cha mwenyekiti saa hiyohiyo, mwenye ng'ombe asikie aje, muitazame hasara pamoja kabla majani hayajasimama tena. Ng'ombe aliyeshikwa bila kutangazwa ameibwa, hata kama moyo wako ni mweupe kama unga wa muhogo. Hilo umelijua tangu hujaota meno ya mbele. Na wewe uko shuleni, mahali penye kengele. Umeshindwa nini kuigonga? Mtu hasahau kengele bila sababu. Na hao malaika waliohamisha mpunga, walikuwa na kwato?

Pili, habari ya umri. Ulizaliwa wakati mpunga unachanua na mvua inanyesha kwa ubavu. Mwaka wanaujua watu wa ofisi. Kadi ilikwenda na mafuriko. Mwambie hakimu akutazame, ana macho, ataona mwenyewe kwamba wewe ni mtoto, hasa ukianza kusema.

Mimi siwezi kuja. Ndege wameanza, na nani ataniamia? Nenda na huyo Mama Febronia, inaelekea ni mtu mzuri.

Usiogope. Katika ukoo wetu hajafungwa mtu, na hatutaanza na wewe.

Bibi yako,
Rosemery

(Amenitaka nimsomee nilichoandika, nikaruka mabano yote. Sasa sikiliza, mdogo wangu. Kadi haikwenda na mafuriko. Imo kwenye kopo la mbegu za kunde, juu ya kabati, nimeiona kwa macho yangu nilipokwenda kumpima gauni. Na mtendaji hakuruka mstari. Mwaka jana kijiji kiligawa mashamba ya bondeni, karibu na maji, shamba moja kwa kila mtu mzima. Bibi alichukua lake, kisha akaandikisha na la kwako, akasema umetimiza kumi na nane. Kuna waliokosa kwa sababu hiyo, sitawataja. Mpunga wa shamba lako ndio unaokulipia bweni. Akikiri umri wako anakiri na shamba. Ndiyo maana mgongo umeanza kumuuma upya. Nimekwambia kwa kuwa nakupenda, na kwa kuwa mdomo wangu ndivyo ulivyo. Omega)


Bweni la Wasichana,
Ifakara.
Jumapili, 25 Mei 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Habari ya shamba nimeijua. Usimuulize Omega.

Sina hasira. Nilikuwa nayo Jumatatu, nikafua nguo zangu zote na za Sada, ikaisha. Najua ulifanya kwa ajili yangu. Kila nikila ugali wa bweni nakula shamba lile, kumbe. Lakini naogopa, Bibi, na ninakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine. Tangu baba na mama walipofariki ni wewe tu ninayekuambia nikiogopa.

Mama Febronia amenieleza vizuri, na mimi nakueleza wewe. Sheria inasema mtoto ni kila ambaye hajatimiza miaka kumi na nane, hata kama ni mrefu kuliko hakimu. Mtoto akishtakiwa hachanganywi na wakubwa. Mzazi au mlezi anakaa naye. Shauri linasikilizwa faragha, jina lake halitangazwi, na yeye mwenyewe anapewa nafasi ya kusema na kusikilizwa. Afisa ustawi anakwenda kuuliza anaishije, anasomaje, anakula nini, kisha anaandika taarifa. Jela hapelekwi. Yote hayo ni yangu, Bibi, kama tu nina miaka kumi na sita. Nikiwa na kumi na tisa sina hata moja. Mtu mzima aliyeiba ng'ombe anahukumiwa kama mtu mzima aliyeiba ng'ombe, na Mama Febronia aliposema hivyo hakucheka, ingawa ni mtu wa kucheka sana.

Halafu akasema sheria hiyohiyo ina upande wa pili. Mtoto ana wajibu: kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa, kuitumikia jamii yake kadiri ya nguvu zake. Haki na wajibu, akasema, ni maksai wawili wa nira moja, mmoja akilala jembe linakwenda upande. Aliposema nira nikakohoa. Akaniuliza kama nina mafua.

Nikamuuliza, je, kumheshimu mlezi ni pamoja na kunyamaza anapokosea? Akavua miwani akaifuta. Akasema ameulizwa mengi ofisini kwake lakini hilo bado.

Ningeweza kumwambia mwenyewe habari ya lile daftari. Sijamwambia. Nimeona hilo ni lako kulisema.

Mzee Mashimba nilikutana naye sokoni, nikataka kujificha nyuma ya magunia ya dagaa. Akaniona. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza nimesoma mpaka kidato gani. Hakusema neno la ng'ombe. Hiyo ilinitesa kuliko angenigombeza.

Kuhusu kengele na malaika, nitakujibu tukionana.

Bibi, sikuombi shamba. Naomba miaka yangu.

Mjukuu wako,
Eliza


Masagati, kwa fundi cherehani.
Jumatatu, 9 Juni 2025

Eliza mdogo wangu,

Naandika upesi, Yoramu wa pili (huyu mdogo wake, wa pikipiki) anangoja injini ikiunguruma.

Nilimsomea Bibi barua yako tarehe thelathini. Akaichukua, akaikunja, akaitia kifuani, akaenda zake. Siku tisa hakukanyaga hapa, na gauni lake nimelimaliza lipo linaning'inia. Nikajua ameniambaa kwa sababu ya ulimi wangu. Ulisema asiniulize, ukanitaja jina. Ahsante sana.

Leo asubuhi nafungua duka nakuta kwenye kiti changu kuna manati, kopo tupu la kunde na ujumbe kupitia mtoto wa jirani: "Mwambie Omega ndege wanaanza saa kumi na mbili. Asichelewe." Yeye kapanda lori alfajiri kuelekea Mlimba, na kutoka huko atatafuta treni au gari lolote litakalomfikisha Ifakara. Amevaa kitenge cha Pasaka. Kabeba yule jogoo.

Kopo ni tupu, Eliza. Maana yake unaijua.

Mimi fundi wa nguo, ambaye sijawahi kumpiga hata kunguru, sasa naamia mashamba mawili. Nimejipiga manati kidoleni. Nashonea mkono mmoja.

Omega


Bweni la Wasichana,
Ifakara.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Dada Omega,

Pole ya kidole. Barua hii analeta Bibi mwenyewe, kwa hiyo nimeigundisha kwa uji wa asubuhi. Atakusimulia kwa namna yake, na katika masimulizi yake atakuwa alimgombeza hakimu. Hakumgombeza. Mambo ya mle ndani ni ya faragha kwa ajili yangu, lakini mimi ndiye mwenye hiyo faragha, na nakupa wewe kipande. Kwenye kilima cha mtandao usikipeleke.

Nilidhani mahakama ni watu wamepangwa kwenye mabenchi na mtu juu kabisa anagonga nyundo. Ilikuwa chumba chenye meza moja ndefu. Hakimu alikaa nasi mezani, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akaniuliza kama nimekunywa chai. Walikuwepo mwendesha mashtaka, Mama Febronia, matroni wangu na Mzee Mashimba. Kiti cha mlezi kilikuwa kitupu. Sikulala usiku uliotangulia, nakuambia kweli, na nilikitazama kile kiti mpaka nikahesabu misumari yake.

Mlango ukafunguka. Kwanza akaingia jogoo.

Bibi alikuwa amelala Mlimba siku mbili, treni ikampitiliza Ifakara akalala Mang'ula kwa mtu asiyemjua, kisha akafika mahakamani akakataa kumwacha jogoo kwa mlinzi kwa sababu mlinzi alimtazama jogoo vibaya. Karani akaja akamchukua kwa heshima zote. Bibi akakaa kwenye kile kiti, hakunitazama, akafungua fundo la kitenge akatoa kadi. Imeliwa pembe na mende lakini tarehe inasomeka: 19 Machi 2009, uzito kilo mbili na nusu. Hakimu akaisoma, akamuuliza mbona daftari la kijiji linasema vingine.

Dada Omega, Bibi angeweza kusema mtendaji alikosea. Mimi mwenyewe ningemwamini. Akasimama, akasema, "Mheshimiwa, daftari halikukosea, niliyekosea ni mimi. Shamba lilikuwa la watu wazima na mimi nilikuwa na mtu mzima mmoja tu nyumbani, nikatengeneza wa pili. Nilitaka asome. Sikujua kwamba mtu ukimwongezea miaka unampunguzia sheria." Sauti yake ilitikisika mwishoni, na wewe unajua Bibi sauti yake haitikisiki hata kwenye msiba.

Hakimu akaandika muda mrefu. Akasema mahakama imeridhika kwamba nina miaka kumi na sita, na mambo ya shamba yakamalizwe na kijiji chenyewe. Nikahisi nimewekewa godoro chini. Kisha akanigeukia akaniuliza kama nina la kusema, nisiogope, hapa nasikilizwa.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa niseme nilishika ng'ombe kwa desturi ya kwetu, basi. Ni kweli, lakini nusu. Nikamwangalia Bibi, bado kashika ile kadi, mtu mzima wa miaka sabini na moja ambaye amesafiri siku tatu kuja kuungama uongo wake mbele ya wageni. Nikaona aibu kukaa na nusu.

Nikasema yote. Kwamba kengele sikuisahau. Kwamba nilipowashika wale maksai niliona nira ya shule na mkokoteni vimelala bandani, na mpunga wa kubeba kichwani ulikuwa marundo arobaini, na marehemu babu alinifundisha kuswaga. Nikajiambia, mla cha mwenzie na chake huliwa. Niliwafunga nira nikavusha marundo yote peke yangu, nikaimba. Kufika jioni nikaona haya kugonga kengele, kwa sababu mwenye ng'ombe akija ataona jasho lao. Nikasema nitagonga kesho. Kesho nikaona haya zaidi. Nilikuwa nawapelekea maji kwa ndoo usiku na kuwaomba wasilie.

Bibi akasema pembeni, "Malaika." Mama Febronia akajifanya anatafuta kalamu.

Mzee Mashimba akaomba kusema. Akasema, "Mimi siku ile maabara ilipofunguliwa niliona shingo zao. Ng'ombe wangu nawajua, mmoja nira inamkwaruza kushoto. Nikajua wamefanya kazi. Nilingoja kusikia kama kuna mtu atasema, maana kazi haikuniuma, kilichoniuma ni kutembea siku mbili nikidhani wameshachinjwa. Na ni kweli walikula mpunga wa watu, mchungaji wangu alilala. Binti, unaswaga vizuri. Hawakuwa na jeraha hata moja." Akaongeza kitu kwa Kisukuma ambacho hakunitafsiria, ila alikuwa anatabasamu.

Mwendesha mashtaka akasema kwa hayo aliyoyasikia anaomba kuliondoa shtaka la wizi. Hakimu akakubali, lakini hakutuacha tuondoke hivihivi. Tukapatana palepale mezani. Mzee Mashimba atailetea shule samadi kwa ule mpunga ulioliwa. Mimi nimemwomba radhi kwa maneno yangu, na Jumamosi sita nitakwenda kwake kuwachunga wale maksai na kuwapaka mafuta shingoni, Mama Febronia akifuatilia. Leo ilikuwa ya kwanza. Wamenikumbuka. Mmoja alinilamba kitabu cha Fizikia, na ndiyo matumizi bora ambayo kile kitabu kimepata.

Tulipotoka nje Bibi alinishika shingo, akanivuta, akalia kidogo kwenye bega langu, mimi nikalia sana kwenye lake. Kisha akajifuta akampa Mzee Mashimba jogoo. Sada amekasirika mpaka sasa.

Dada, Bibi ana hofu ya kurudi. Anasema atakutana na mkutano wa kijiji. Kaa karibu naye. Na wale uliosema walikosa shamba, ni akina nani? Anataka kujua aanze kwa nani.

Eliza


Masagati,
Jumapili, 29 Juni 2025

Mke mwenzangu,

Hujambo. Mimi nilifika salama, miguu ilivimba siku mbili ikatulia. Barua yako uliyoigundisha kwa uji nilimkabidhi Omega haijafunguliwa. (Ilifika imefunguliwa na kugundishwa upya kwa ugali.)

Mkutano ulifanyika Jumatano. Nilisema mwenyewe kabla mwenyekiti hajafikia ajenda. Nikasema shamba la Eliza si la Eliza, Eliza ni mtoto, kadi hii hapa, na aliyedanganya ndiye huyu anayesimama. Watu wakaguna. Mzee Anselim akataka niondolewe na langu pia, dada yake akamwambia akae. Mwishowe wamenirehemu. Mpunga uliosimama nitavuna, kisha shamba linarudi kijijini. Na adhabu nimepewa: kuamia bustani ya shule ya msingi mpaka mavuno. Wewe una maksai, mimi nina ndege. Tumefungwa nira moja hatimaye.

Sasa jambo ambalo sikulijua. Mtendaji alifungua orodha ya mwaka jana atazame nani alikuwa anafuata, yule aliyekosa kwa ajili ya jina lako. Akasoma: Omega.

Nilikaa chini, mjukuu wangu. Mwaka mzima nakuja kwenye cherehani yake, ananisomea barua, ananipima gauni, ananiandikia, na hajasema hata siku moja kwamba nimekalia shamba lake. (Niliogopa utadhani nimekwambia kwa ajili ya shamba. Nami mwenyewe usiku mwingine sikuwa na uhakika. Ndiyo maana sikutaja majina.)

Andika, Omega: mimi Rosemery nimemwomba radhi Omega kwa kumnyima haki yake. (Ameniomba. Nimesema sikusikia vizuri, arudie.) Nimerudia. (Mara ya tatu amekataa.)

Yeye anasema shamba amelipokea lakini jembe hajui, kuamia tu alipojaribu alijipiga kidole. Kwa hiyo tutalima pamoja, mimi nikimwonyesha, na tutagawana nusu kwa nusu, mbele ya mtendaji, kwa kalamu iliyonyooka. Bweni lako litapatikana. Usipunguze kula.

Mwambie Sada kuna kuku wengine.

Na wewe sikiliza neno langu la mwisho, halafu mwandishi apumzike. Nilikuongezea miaka mitatu kwa dakika moja, kwenye meza ya mtendaji, bila kukuuliza. Imenichukua siku tatu za barabara kuirudisha, na imerudi yote, hakuna uliopungua. Ukija likizo, hakuna shamba lako linalokungoja. Ndege wa shule nitawafukuza mimi. Wewe lala mpaka jua likukute kitandani. Una miaka kumi na sita, Eliza. Umebakiza chini ya miwili ya kuwa mtoto, na nimemsikia hakimu kwa masikio yangu akisema ni yako.

Bibi yako,
Rosemery

(Hapa sina la kuongeza.)